Una masaa kumi Addis Ababa kabla ya ndege ya pili? Toka nje, lakini piga hesabu kwanza

Sisi wa huku Kisumu, Siaya, Kakamega mpaka Busia, tukisafiri kwenda Ghuba ama Ulaya tiketi ya bei nafuu mara nyingi inapitia Addis Ababa, na hapo unakuta umeandikiwa kungoja masaa nane, kumi, hata kumi na mbili. Wengi wanalala tu kwa viti na begi chini ya kichwa. Binamu yangu alikaa hapo siku mzima, akapanda ndege ya pili bila kuona hata mti mmoja wa Ethiopia, na hiyo kitu iliniuma kwa sababu Mkenya hahitaji visa kuingia Ethiopia. Ukiwa na pasipoti na ile kadi ya manjano ya chanjo, unapanga laini ya uhamiaji na unatoka.

Lakini usidanganywe na masaa yaliyo kwa tiketi. Tuseme umetua saa mbili asubuhi na unaondoka saa kumi na mbili jioni, hayo ni masaa kumi. Toa lisaa limoja la kupanga laini na kubadilisha pesa, toa matatu ya kurudi mapema, halafu toa karibu mawili ya barabara kwenda na kurudi juu jam ya Addis inaweza kukushika kama ya Nairobi. Umebaki na manne. Hayo manne ndio yako, na yanatosha kitu kimoja cha kuona na mahali pamoja pa kula, basi, usijaribu kumaliza mji. Kama baada ya kutoa unabaki na chini ya mawili, kaa ndani, oga kama kuna mahali, lala.

Kabla hata hujaondoka Kisumu, hakikisha tiketi yote ni moja. Kama ile ya Kisumu kwenda Nairobi umenunua kando, begi lako litashukia Nairobi na ni lazima ulichukue ulipeleke tena mwenyewe, lakini kama ni tiketi moja uliza pale kaunta kama begi linaenda mpaka mwisho, na uangalie kile kikaratasi wanachobandika kimeandikwa mji gani. Pakua ramani ya Addis kwa simu ukiwa bado na bando. Na beba sweta mkononi, usiiweke kwa lile begi kubwa, tafadhali, sisi tumezoea joto la ziwa. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya bahari, Addis inapita 2,300, asubuhi kuna baridi ya kweli na ukipanda ngazi haraka pumzi inakatika, kwa hivyo tembea polepole. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa ongeza mwavuli.

Kuna kitu sisi wa Kiswahili tumepata bure kabisa. Saa za Waethiopia zinahesabiwa kama zetu, jua likitoka hesabu inaanza, kwa hivyo saa moja ni asubuhi na saa sita ni mchana. Ila hapo hapo ndio kuna hatari, kwa sababu wewe na dereva mtaongea Kizungu, na akikutajia nane kwa Kizungu huenda anamaanisha saa nane yetu, ile ya baada ya lunchi, na tiketi yako inasema 14:00. Mkipatana kurudi, mwonyeshe saa kwa simu kwa kidole, arudie, halafu mwonyeshe tena. Bei pia mpatane kabla ya kuingia kwa gari. Na tarehe zao usizitegemee kabisa, kalenda yao iko nyuma ya yetu miaka saba ama nane na ina miezi kumi na tatu.

Kitu kimoja cha kuona, mimi nasema Makumbusho ya Taifa, upande wa Arat Kilo na Sidist Kilo. Hapo ndio kwa Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, yule mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, wa miaka kama milioni 3.2, wenyewe wanamwita Dinkinesh. Kinachoonyeshwa mara nyingi ni nakala, mifupa yenyewe imefungiwa, lakini simama tu hapo. Alikuwa mfupi kama mtoto wa shule ya msingi. Mtu aliyekulia karibu na Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria ambapo mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948, hawezi kupita hapo haraka.

Chakula, agiza injera, ile chapati yao laini yenye uchachu, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Kula kwa mkono wa kulia, mtu wa ugali hafunzwi hiyo. Ukifika Jumatano ama Ijumaa hoteli nyingi utakuta watu wamefunga kidini, hawali nyama, usilalamike, agiza ile sinia ya mboga mboga, ni tamu sana.

Halafu kahawa, na hapa ndio naomba uache haraka zako. Mimi niliingia kwa kibanda kidogo, nyasi mbichi zimetandazwa chini, mama amekaa kwa stuli fupi mbele ya jiko la makaa anakaanga kahawa kwa kikaango, anaikoroga vile sisi hukaanga njugu. Ilipoanza kung'aa na kutoa moshi akainuka akaniletea kikaango mpaka puani, nivute. Akatwanga, akachemsha kwa birika jeusi la udongo linaitwa jebena, akamimina kwa vikombe visivyo na mkono, na bisi kando. Nikanywa kimoja nikataka kulipa niende. Akanizuia kwa mkono. Vikombe ni vitatu, cha kwanza abol, cha pili tona, cha tatu baraka. Nikamuuliza tena, baraka? Akaitikia kwa kichwa akicheka, baraka. Nikakaa nikamaliza. Inaeza chukua lisaa lizima hiyo, kwa hivyo iweke kwa yale masaa yako manne.

Wale dada zetu wanaoenda kazi Ghuba kwa kikundi, na ajenti ndiye ameshika makaratasi, msitoke, kaeni na wenzenu, lakini pasipoti ishike mwenyewe kila wakati. Na mtu yeyote asikupe mzigo umbebee, hata akiongea lugha ya kwenu.

Kama utafika usiku na unangoja mpaka asubuhi, uliza siku ya kununua tiketi kama kuna chumba cha hoteli kinachoandamana nayo, usingoje kuuliza ukiwa umechoka pale kaunta.

Ukirudi eapoti maliza kwanza birr, ile pesa yao, na tangu mwanzo badilisha kidogo tu ili usibaki na noti ambazo Kisumu hakuna atakayezichukua. Mimi zilizobaki nilinunua kahawa nusu kilo, nikaifunga kwa karatasi mbili, na bado nilipofungua begi ndani ya ndege kutoa sweta, dada wa kiti cha kando aligeuka akaniuliza nimeinunua wapi.