Somo: Sandwichi ya Moto ya Nyama ya Kuoka, na Rojo Lake

Sandwichi hii asili yake ni mikahawa ya kawaida ya Marekani. Ni vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe iliyookwa, mkate mweupe, na rojo la nyama hiyohiyo linalomiminwa juu mpaka mkate ulowe. Huliwa kwa uma na kisu, na pembeni huwekwa viazi vya kuponda.

Tanga tunaiweza vizuri. Boflo lipo, bucha zipo, viazi na karoti za Lushoto zimejaa sokoni Mgandini. Tatizo ni ng'ombe. Mapishi ya huko yameandikwa kwa ng'ombe aliyenoneshwa kwa nafaka, na nyama yake hukaa kwenye baridi siku kadhaa kabla ya kuuzwa ili ilainike. Ng'ombe wetu wa nundu katembea sana kutafuta majani, mafuta hana, na nyama yake tunainunua siku hiyohiyo aliyochinjwa. Ukifuata dakika zao utatafuna mpaka taya ziume. Ndiyo maana mimi naipika taratibu, ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha kazi kubwa namwachia kisu.

Mahitaji: kilo 1 ya mnofu wa paja, kipande kimoja kisichokatwakatwa (mwambie wa buchani mapema, maana mkono wake umezoea kukata vidogo vidogo). Chumvi vijiko 2 vya chai, pilipili manga, kitunguu saumu punje 4, vitunguu maji 2, karoti 1, mafuta kidogo. Kwa rojo: siagi na unga wa ngano, vijiko 3 vya chakula kila kimoja. Nyama ikiiva hupungua, kwa hiyo kilo hiyo itawatosha watu sita hivi.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, paka nyama chumvi, pilipili manga na saumu iliyotwangwa, uiweke kwenye friji bila kuifunika. Chumvi inahitaji muda kuingia ndani, na ngozi ya nje ikikauka itapata rangi vizuri.

Asubuhi, pasha mafuta kwenye sufuria nzito, uikaange nyama pande zote mpaka iwe ya kahawia iliyokolea. Usiwe na haraka hapa. Ule ukoko unaoshika chini ya sufuria ndio utakaolipa rojo rangi na ladha, na hakuna kiungo cha pakiti kitakachoziba pengo lake.

Tia vitunguu na karoti, mimina kikombe 1 cha maji, kwangua ukoko kwa mwiko, funika. Mwenye oveni aweke nyuzi 150. Mwenye jiko la mkaa apunguze moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko, kama anavyopalia wali. Geuza nyama kila baada ya nusu saa na uangalie maji yasikauke. Baada ya saa mbili hivi choma uma: uingie bila kusukumwa sana, lakini nyama isichambuke. Ikichambuka itakuwa tamu, ila haitakatika vipande vyembamba.

Sasa itoe, iache ipoe, kisha iingie friji mpaka ishike. Nyama ya moto ikikatwa humwaga maji yake yote ubaoni na kuvunjikavunjika. Ikiwa baridi, kisu kinapita kwa ulaini.

Na hapa ndipo sandwichi inapopona au kufa. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzikingama, vipande vyembamba kadiri unavyoweza. Ukikata kwa kufuata nyuzi, kila tonge litakuwa na kamba ndefu za kutafuna. Ukizikingama, kamba hizo umeshazikata wewe kabla ya mlaji. Nyama ile ile, sufuria ile ile, lakini utadhani ni ng'ombe wawili tofauti.

Rojo si kazi ngumu. Kaanga unga kwenye siagi mpaka uwe na rangi ya karanga, chuja supu ya sufuriani, iongeze maji itimie vikombe 2, uimimine kidogo kidogo huku unakoroga. Ichemke dakika tano. Epua, ndipo utumbukize vipande vya nyama vipate moto. Visichemke tena, vitakaza.

Chovya boflo lililobanikwa kidogo, panga nyama, mimina rojo. Achari ya embe pembeni inafaa mno. Hata Chicago sandwichi yao ya nyama huliwa na pilipili za kusindika.

MASWALI

Kutoka Pangani: Shikamoo dada. Mimi sina friji, nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pika asubuhi, iache ipoe mpaka iwe vuguvugu, noa kisu vizuri, ukubali vipande vinene kidogo. Iliwe siku hiyohiyo. Joto la pwani halisameheki, nyama iliyoiva isikae nje zaidi ya saa mbili.

Kutoka Muheza: Nyumbani tunalainisha nyama kwa papai bichi. Hapa halifai?

Kwa mishkaki linafaa sana, maana vipande ni vidogo. Kwenye kipande cha kilo, papai hufanya kazi juu juu tu: nje kunakuwa uji, ndani hakujaguswa. Moto wa taratibu ndio unaozifikia kano za ndani.

Kutoka Chumbageni: Shoga, rojo langu hushika madonge kila mara.

Shoga yangu, unamwaga supu yote kwa mkupuo. Anza na upawa mmoja, koroga mpaka litulie, ndipo uongeze. Madonge yakishatokea, pitisha kwenye chujio, hakuna hasara.

Kutoka Korogwe: Naweza kumfungia mume wangu aende nayo kazini?

Yenye rojo hapana, mkate utakuwa umesambaratika kabla ya saa sita. Mfungie nyama kavu kwenye boflo, na kama haili ndani ya zile saa mbili, aiweke kwenye friji akifika kazini. Rojo la moto litie kwenye chupa ndogo ya chai yenye mdomo mpana. Atachovya mwenyewe. Los Angeles wana sandwichi yao ya kuchovya namna hiyo. Mikahawa miwili iliyofunguliwa 1908, Philippe's na Cole's, kila mmoja umedai kuwa ndio ulioianzisha.

Kutoka Ngamiani: Nyama ikibaki?

Iweke kwenye friji ndani ya rojo lake, itafika siku tatu. Ukiipasha, rojo lichemke kwanza peke yake, nyama ifuate mwisho.