Kabla ya kukompaili mod_jk, kagua apxs yako

Wengi wakitaka kuunganisha seva ya wavuti ya Apache na Tomcat (seva ya programu za Java) kwa moduli ya mod_jk hukimbilia `./configure` moja kwa moja. Kagua apxs kwanza. Hicho ndicho chombo kinachoiambia moduli inajengwa kwa ajili ya Apache ipi, na mashine yenye Apache mbili (moja ya mfumo, nyingine uliyojiwekea chini ya /usr/local) itakuchanganya kweli. Moduli itajengwa bila lalamiko lolote, halafu seva igome kuwaka ikidai muundo wa moduli ni "garbled".

Kama apxs haipo, weka kifurushi cha httpd-devel kwenye Red Hat na ndugu zake, au apache2-dev kwenye Debian na Ubuntu. Kisha, ndani ya folda ya msimbo wa mod_jk, taja njia kamili ya apxs, usiiache configure ibahatishe:

```
cd native
./configure --with-apxs=/usr/bin/apxs
make
sudo make install
```

Ukitaka kujua mod_jk.so itatua wapi, `apxs -q LIBEXECDIR` itakujibu. Hati ya buildconf.sh achana nayo, isipokuwa umechukua msimbo kutoka Git.

Ongeza mstari wa LoadModule (unaopakia mod_jk.so) kwenye usanidi wa Apache, kisha endesha `apachectl configtest` kabla ya kuwasha upya. Ikipita na bado hupati ukurasa, angalia upande wa Tomcat: tangu 9.0.31, ya mwaka 2020, kiunganishi cha AJP (itifaki ambayo mod_jk hutumia kuzungumza na Tomcat) huja kimezimwa, na ukikiwasha kinadai secret. Neno hilohilo la siri liandike pia kwenye workers.properties, faili la mipangilio ya mod_jk.