Maswali ya Kumuuliza Mteja Kabla ya Kumkanda

Wakandaji wenzangu wa Tanga, somo hili ni la zile dakika kumi kabla mafuta hayajashika mkono.

Ukimuuliza mteja "Una ugonjwa wowote?" atakujibu "Sina, mzima kabisa." Mwenye presha iliyotulia kwa vidonge hajihesabu mgonjwa. Usiulize ugonjwa, uliza dawa na yaliyompata.

Hatua ya 1: Dawa. "Leo umemeza nini? Jana je?" Aonyeshe pakiti. Anayetumia warfarin, au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mkande kwa kiganja, kiwiko weka mbali, la sivyo atavilia damu. Aliyemeza dawa ya maumivu hasikii vizuri ukizidisha nguvu. Wa insulini muulize kachoma wapi, hapo usipasugue: dawa itaingia haraka, sukari ishuke akiwa kitandani.

Hatua ya 2: Homa. Joto likifika 38, akapime malaria kwanza.

Hatua ya 3: Miguu. Hapa msiharakishe. "Umesafiri safari ndefu? Umelazwa? Umepasuliwa? Umejifungua?" Kisha tazama. Mguu mmoja ukivimba, una joto na kigimbi kinauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikanda, bonge laweza kukatika likazibe mapafu. Chukua futi ya fundi cherehani, shuka sentimita 10 kutoka kwenye kifupa kinachochomoza chini ya goti, zungushia mguu mmoja, kisha wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, usiguse, aende hospitali ya Bombo siku hiyohiyo. Ikiwa ndogo lakini maumivu na joto vipo, ni vilevile. Pwani yetu ina matende, na mtu akishazoea mguu mnene hautaji. Muulize: uvimbe huu ni wa miaka au wa wiki hii?

Hatua ya 4: Ngozi na mafuta. Upele, mapunye, vidonda: ruka. Asiyepatana na karanga au ufuta, soma chupa yako.

Hatua ya 5: Mimba. Ikipita wiki 20 asilale chali. Alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti.

MASWALI

Mwalimu, presha ya mteja imesoma 160/100. Nimrudishe?

Mkalishe dakika 5, ameegemea, miguu chini, bila mazungumzo, upime tena. Ikibaki hapo, naye ana dawa zake na haumwi kichwa wala kifua, mkande taratibu, kisha akamwone daktari wake. Ikifika 180/120 hakuna kukanda. Kifua kikibana au macho yakiona ukungu, hospitali sasa hivi.

Na aliyefunga?

Mpangie baada ya futari. Akimaliza aketi ukingoni mwa kitanda kwanza. Wengi huona kizunguzungu wakisimama ghafla.

Wifi yangu kajifungua kwa upasuaji, wiki ya pili. Mama mkwe anataka akandwe tumbo kwa maji ya moto.

Tumbo hapana, dada. Mshono haujashika, na ngozi ya pembeni yake mara nyingi ina ganzi, ataungua asijue. Mabega na mgongo sawa, akiwa ameketi. Miguu usianze kabla ya ile futi, maana wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi. Mama mkwe mpe uji wa pilipili manga aukoroge.