Kuomba Kazi Nje ya Nchi Ukiwa Mtwara au Lindi: Anza na Majina Yako

Nina steshenari karibu na stendi ya Masasi. Kila mwaka malipo ya korosho yakishaanza kuingia, vijana hunijia na bahasha zao wakitaka niwajazie fomu ya pasipoti. Mabinti wengi wanakwenda Oman na Saudi Arabia kufanya kazi za ndani. Wa kiume wanatafuta udereva au ulinzi Qatar na Dubai. Kinachoniumiza ni kwamba wengi wanaanzia mwisho. Pesa wameshampa mtu, ndipo wanatafuta karatasi. Utaratibu ufuate hivi.

Kwanza, majina. Huku kwetu mtu mmoja ana jina alilozaliwa nalo, jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, na jina aliloandikiwa na mwalimu siku ya kuanza shule. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, cha kidato cha nne Khadija, na NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa, wameandika jina la babu ambalo halimo kwingine kote. Kijijini wote wanajua ni yule yule. Kwenye ofisi ya Uhamiaji hao ni watu watatu. Tandaza nyaraka zako zote mezani, usome jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu; jina likiwa limebadilika kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kosa la NIDA lirekebishe NIDA wilayani. Fanya haya kabla hujagusa fomu yoyote, maana jina litakaloingia kwenye pasipoti ndilo litakaloandikwa kwenye viza, mkataba na tiketi.

Kama huna cheti cha kuzaliwa, RITA, wanaosajili vizazi na vifo, wanahudumia kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Beba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule, chochote kinachoonyesha ulizaliwa lini na wapi. Uhamiaji watataka pia cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo cha kuzaliwa kwake. Wazee wetu wengi hawana cheti, kwa hiyo kaa na mzee mapema, muulize alizaliwa kijiji gani, kiapo kiandikwe vizuri. Watu wa Newala, Tandahimba na Nanyumbu huulizwa zaidi kuhusu uraia, kwa sababu ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, wapo Wamakonde, Wayao na Wamakua kama sisi. Usikasirike. Jibu kwa utulivu, na barua ya serikali ya kijiji iwe mkononi.

Pasipoti yenyewe si ngumu majina yakishakaa sawa. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji kwa kutumia namba ya NIDA. Unapewa namba ya malipo, unalipa 20,000 kwa simu au benki, fomu inachapishwa, unaipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Mtwara au Lindi, pamoja na vyeti, picha na uthibitisho wa safari. Hapo wanachukua alama za vidole. Iliyobaki ni 130,000, jumla 150,000, na kitabu kinadumu miaka 10. Kila shilingi inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Anayekwambia umtumie kwenye namba yake ya simu ili aharakishe, mwache.

Sasa wakala. Hapa ndipo watu wanapolia. Kwa sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999 na kanuni zake za 2014, wakala binafsi lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, na haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Omba jina kamili la kampuni na namba ya leseni, kisha uulize ofisi ya kazi ya mkoa au TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Mtu anayejitambulisha kwa jina moja na namba ya WhatsApp tu huyo si wakala. Baba mmoja hapa aliuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini, zikiwa bado maua mtini, ili alipe "gharama za ofisi" za binti yake. Binti hakusafiri. Msimu ulipofika korosho zilichukuliwa na mwenye kangomba, na yule mtu simu hapokei.

Wakala akishathibitishwa, dai mkataba uusome ukiwa bado nyumbani. Utafute jina na anuani ya mwajiri, aina ya kazi, mshahara kwa sarafu ya nchi ile, siku ya mapumziko kila wiki, matibabu, na nani analipa tiketi ya kwenda na kurudi. Kama ni Kiarabu tupu, tafuta mtu wa kukutafsiria. Usikubali kusafiri kwa viza ya matembezi kwa ahadi kwamba utabadilishiwa huko. Nchi kadhaa za Ghuba zina mfumo wa kafala, unaofunga kibali chako kwa mwajiri mmoja. Ukiondoka kwake bila utaratibu unahesabiwa mtoro. Ndiyo maana nasisitiza karatasi hii kuliko zote. Mpelekee ofisa kazi aione kabla hujasaini.

Baada ya mkataba ndipo vipimo na cheti cha tabia njema, ambacho Polisi hutoa baada ya alama za vidole. Vipimo vya nchi za Ghuba hufanyika kwenye vituo walivyoviidhinisha wao: kifua, VVU, homa ya ini, na ujauzito kwa wanawake. Nakushauri upime kwanza hapa nyumbani, Ndanda au Ligula, ujue hali yako kabla ya nauli ya Dar es Salaam. Wauguzi na walimu waongeze uhakiki wa vyeti na muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Wanaoniuliza kuhusu Msumbiji: kuvuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala na kugongewa muhuri wa matembezi hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Kibali cha kazi hutolewa na serikali ya Msumbiji na mwajiri ndiye anayekishughulikia.

Siku ya mwisho kabla ya safari, toa nakala za pasipoti, viza na mkataba. Moja abaki nayo mama, moja mwenyekiti wa kijiji, moja ishonee ndani ya begi. Sheria za Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zinamkataza mwajiri kukushikia pasipoti, lakini wapo wanaoshika. Tanzania ina ubalozi Muscat, Riyadh, Doha na Abu Dhabi, na ubalozi mdogo Dubai. Namba ya ubalozi wa unakokwenda iandike kwa kalamu nyuma ya nakala zote, ile ya mama na yako, maana mambo yakiharibika simu ndiyo ya kwanza kunyang'anywa.