Kabla hujajenga lambo la udongo shambani

Kibali cha maji kwanza. Usilete trekta kabla ya hapo.

Udongo uupime pale pale tuta la kuzuia maji litakapokaa. Uloweshe, uviringishe viganjani. Ukitoa uzi mwembamba usiokatika, mfinyanzi upo. Udongo wa juu wenye mizizi ondoa wote. Shindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, ukiwa na unyevu. Kumwaga lundo zima na kupitisha trekta juu yake si kushindilia.

Njia ya kutolea maji ya ziada ipite pembeni, kwenye ardhi ambayo haijachimbwa, na kilele cha tuta kiizidi kwa mita 1 hivi. Usiizibe kwa magunia ili upate maji mengi zaidi. Maji yakipita juu ya tuta la udongo yatalikata, hilo halina mjadala.

Sasa bomba. Hapa nisikilize vizuri, maana nimeona jirani yangu akipoteza kila kitu. Tuta lake lilikuwa zuri, limeota nyasi. Baadaye akataka maji yashuke bustanini yenyewe, mafundi wakalikata tuta, wakalaza bomba, wakarudishia udongo kwa majembe. Lambo lilipojaa, pembeni mwa bomba upande wa chini pakatokea unyevu, kisha kijimkondo cha maji maangavu. Akaambiwa ni kawaida. Siku yalipogeuka rangi ya tope, tuta lilikuwa tayari linaliwa kwa ndani: maji yanafuata ubavu wa bomba, yanabeba udongo, tundu linapanuka. Kabla ya jioni tuta lilikuwa limepasuka katikati, bustani imefunikwa matope, na familia mbili za bondeni hazina nyumba.

Kwa hiyo bomba lilazwe kabla ya tuta kupanda, udongo ushindiliwe kwa mkono pande zote, na sehemu ya mwisho upande wa chini izungushiwe mchanga safi unaopitisha maji na kuzuia udongo. Kama tuta limeshajengwa, usilikate, tumia pampu. Ukiona maji ya tope yanatoka upande wa chini, usipoteze muda kuziba. Waondoe watu wa bondeni, kisha ufungue maji yapungue ikiwa inawezekana kwa usalama.

Miti usipande juu ya tuta, mizizi ikioza inaacha matundu. Mashimo ya mchwa na panya yafukiwe mapema. Mara ya kwanza lijaze polepole, na likague kila mvua kubwa inapopita.

Na uwajue walioko chini yako. Solai, Kenya, Mei 9, 2018, bwawa la shamba binafsi lilibomoka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Weka namba za simu za kila nyumba ya bondeni, ukubaliane nao njia ya kukimbilia, lizungushie lambo uzio ili watoto wasiingie, na usimwachie mlinzi mmoja kazi yote, hasa masika.