Kupima na kubadilisha moduli ya diodi ya fezi tatu

Fundi anayefungua inveta na kukuta moduli ya diodi imepasuka huwa na haraka ya kufunga mpya. Haraka hiyo ni ghali, kwa sababu moduli hii ni nadra kufa kwa ugonjwa wake yenyewe, na kilichoiua kikiachwa ndani, ile mpya haitamaliza hata sekunde moja. Somo hili linahusu moduli ya diodi sita (kila diodi hupitisha umeme upande mmoja tu) inayopokea fezi tatu za volti 400 na kutoa mkondo mnyoofu kwa inveta, chaja kubwa au mashine ya kuchomelea.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokuambia baadaye kama kazi imekubali. Kilele cha volti 400 ni volti 566, na hapo ndipo kapasita, zinazohifadhi umeme ndani ya mashine, hujaa mashine isipokuwa na mzigo. Mzigo ukiingia, wastani hushuka kuelekea volti 540, yaani 400 mara 1.35. Wakati wowote diodi mbili tu ndizo zinazopitisha umeme, moja ya juu na moja ya chini, na kila diodi hushika zamu ya theluthi moja ya mzunguko. Kwa umeme wa hezi 50, mawimbi yanayobaki kwenye mkondo mnyoofu huwa ya hezi 300.

Hatua ya kwanza ni kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli na kusubiri angalau dakika 10. Kisha pima kati ya chanya na hasi, na usiguse kitu mpaka multimita isome karibu na sifuri. Ikiwa volti hazishuki, zimalize kwa balbu mbili za zamani za nyuzi, za volti 230, zilizounganishwa mfululizo. Wapo wanaotumia bisibisi kwa kazi hii. Nimeona bisibisi iliyoyeyuka ncha, na mwenyewe alikuwa na bahati.

Hatua ya pili ni kupima. Tenganisha nyaya za R, S na T, yaani za fezi tatu zinazoingia, weka multimita kwenye alama ya diodi, kisha gusisha waya mwekundu kwenye hasi na mweusi kwenye R, S na T kwa zamu. Diodi nzima husoma takriban volti 0.3 hadi 0.6. Halafu hamishia mweusi kwenye chanya na uguse R, S na T kwa mwekundu. Ukigeuza nyaya, vipimo vyote sita vinapaswa kuonyesha OL, yaani umeme haupiti. Sifuri pande zote ni diodi iliyoshikana, na OL pande zote ni diodi iliyokatika. Usitosheke na kuona diodi tano ni nzima; tazama pia kama moja inasoma tofauti sana na wenzake.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi: kumtafuta muuaji. Pima transista za upande wa pili, unaopokea mkondo mnyoofu, pamoja na kapasita, kwani mojawapo ikishikana, moduli hubeba mkondo wa shoti mpaka fyuzi ikatike. Kagua rizista ya kujazia kapasita polepole na kontakta yake, ile swichi inayoipita rizista kapasita zikishajaa, kwa sababu kontakta iliyogandia ikiwa imefungwa hufanya kapasita tupu zivute mkondo mkubwa kila mashine inapowashwa. Tazama feni, vumbi, na skrubu zilizolegea, ambazo hujitambulisha kwa shaba iliyobadilika rangi.

Wakati wa kufunga, futa grisi ya joto ya zamani yote, upake mpya kwa utando mwembamba sana, na ukaze skrubu kwa zamu kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kwa mzigo wa ampea 60, diodi mbili zinazopoteza takriban volti moja kila moja hutoa joto la wati 120, nalo lote linapita kwenye utando huo. Grisi nene huzuia joto badala ya kulipitisha.

Mwishowe, kabla ya kurudisha fezi zote, ingiza fezi mbili tu kupitia zile balbu mbili za mfululizo. Zikiwaka kwa muda mfupi na kufifia, kapasita zinajaa vizuri. Zikibaki zinang'aa, kuna shoti. Zima na urudi hatua ya tatu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikipima chanya na hasi, namba inapanda polepole halafu inakuwa OL. Je, moduli ni mbovu?*

Marahaba. Hapana, hiyo ni kapasita inayojazwa na betri ya multimita. Geuza nyaya, mwekundu kwenye hasi, na utasoma diodi mbili kwa pamoja, karibu 0.8 au 0.9.

*Fundi, dukani nimepata moduli inayohimili volti 800 yenye ampea zilezile. Kilele ni 566, kwa nini isitoshe?*

Kwa karatasi inatosha, lakini gridi ikipanda kwa asilimia 10 kilele kinafika 622, na mota kubwa zinapozimwa hutupa miruko ya volti juu ya hapo. Nunua ya 1600. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kuifungua mashine mara ya pili.

*Fezi moja ikipotea mashine inaendelea kufanya kazi. Niiache hadi jioni?*

Tafadhali izime. Kazi ya diodi sita sasa inafanywa na nne, mawimbi yanashuka hadi hezi 100, na kapasita zinapata joto kwa kuziba mapengo hayo. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa na kapasita zilizovimba zilianza hivyo, kwa fyuzi moja iliyokatika bila mtu kujua. Ukilazimika kuendelea, punguza mzigo hadi chini ya nusu na uitafute hiyo fezi leo hii, ukianzia kwenye fyuzi na kichwa cha kebo.