Mikono ya bondia ikichoka: namna ya kuizoeza iendelee kufika

Pambano la ngumi za ridhaa ni raundi 3 za dakika 3, na kati ya raundi kuna dakika 1 ya kupumzika. Muda huo unaonekana mfupi kwa aliyekaa kwenye kiti, lakini unatosha kabisa kumaliza mabega. Ukiitazama raundi ya mwisho kwa makini, utaona makosa yaleyale kwa karibu kila bondia asiyeandaliwa: jebu, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono ulio mbele, inatoka vizuri lakini inarudi chini, kiwiko kinafunguka kwenda nje, bega linapanda kuelekea sikioni, na kiwiliwili kinalala mbele kufukuzia lengo. Kocha anapiga kelele "mikono juu!" Mikono inapanda kidogo, kisha inashuka tena.

Kelele hazisaidii kwa sababu mara nyingi bondia hajui kwamba mikono imeshuka. Msuli uliochoka hupungukiwa nguvu, na pamoja na nguvu hupotea usahihi wa kuhisi kiungo kiko wapi. Ubongo unalazimika kutuma amri kubwa zaidi ili kupata kazi ileile, na jitihada hiyo kubwa inamdanganya mwenye mkono: anahisi glovu iko shavuni wakati iko kifuani.

Mazoezi hayafuti uchovu. Yanauchelewesha, na yanaufundisha mwili kupanga upya mwendo wa mkono. Bega likichoka, nyonga na kiwiliwili vinabeba sehemu kubwa zaidi ya kazi, kiwiko kinabadili kidogo wakati wake wa kunyooka, na ngumi inafika palepale. Kwa asiyezoezwa, kosa la bega linaongezwa na kosa la kiwiko. Kwa aliyezoezwa, kosa la kiungo kimoja linafidiwa na kingine. Kwa hiyo usimdai bondia aliyechoka mwendo unaofanana kwa kila kitu na ule wa dakika ya kwanza. Mdai mambo mawili: ngumi ifike, na mkono urudi shavuni.

Pima kwanza

Tundika begi la kupigia ngumi na ubandike kipande cha plasta chenye upana wa sentimita 10 kwenye usawa wa kidevu cha mpinzani. Weka simu pembeni, umbali wa mita 2 hivi, kwa urefu wa bega, na umrekodi bondia akilipiga kwa raundi 3 za dakika 3 akiwa amevaa glovu zake za kawaida za mazoezi. Kisha tazama sekunde 30 za mwanzo wa raundi ya kwanza na sekunde 30 za mwisho wa raundi ya tatu. Hesabu jebu zote zilizotoka, zilizogonga plasta, na zilizorudi mpaka shavuni. Andika namba hizo daftarini. Muoneshe bondia video hiyo siku hiyohiyo. Wengi hawaamini mpaka waone.

Angalia pia kinachoanza kuharibika. Kiwiko kikifunguka mapema, tatizo kwa kawaida liko kwenye bega na misuli inayoshika bapa la bega. Kifundo cha mkono kikipinda wakati wa kugonga, misuli iliyo kati ya kiwiko na kifundo imechoka, na mara nyingi chanzo ni kukaza ngumi muda wote.

Jenga msingi, wiki 4

Mkono mzima wa mtu wa kilo 60 una uzito wa takriban kilo 3. Ongeza glovu ya aunsi 10, yaani gramu 283 hivi, tena mwisho kabisa wa mkono, mahali ambapo kila gramu inalivuta bega kwa nguvu zaidi. Msingi wa kubeba mzigo huo ni siku 2 au 3 kwa wiki, huku siku moja ya kupumzika ikitenganisha kila siku ya mazoezi na nyingine:

– Pushapu seti 3 za 10 hadi 15. Ukifika juu kabisa, sukuma zaidi mpaka mgongo wa juu uvimbe kidogo, kaa sekunde 1, ndipo ushuke. Nyongeza hiyo ndogo inaamsha misuli ya ubavuni inayovuta bapa la bega mbele, ileile inayomalizia jebu.

– Kuvuta: inama, mgongo ukiwa umenyooka, vuta ndoo ya lita 10 iliyojaa maji kuelekea ubavuni. Seti 3 za 10 kila mkono. Mikono inayosukuma tu bila kuvuta hurudi polepole.

– Mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa nguzoni: kiwiko kibaki ubavuni kwa pembe ya digrii 90, zungusha mkono kwenda nje. Seti 2 za 15, taratibu. Misuli midogo minne inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono ndani ya bega hufanya kazi hapa, na ikichoka mapema bega zima linatetereka.

Mazoezi ya kushusha mzigo polepole kwa mtu asiyeyazoea huleta maumivu ambayo kwa kawaida huwa makali kati ya saa 24 na 72 baadaye, na siku hizo hata hisia ya mahali mkono ulipo huwa mbovu. Usimpeleke kucheza na mwenzake ulingoni ndani ya muda huo.

Sasa mchoshe, kisha mdai usahihi

Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi. Mbinu mpya isifundishwe kwa mikono iliyochoka. Mtu anayejifunza mwendo mgeni akiwa amechoka hujifunza vibaya, na ubovu huo unaweza kubaki hata baada ya kupumzika. Apakati, yaani ngumi ya kutoka chini kwenda juu, anayoanza kuifahamu wiki hii iwekwe mwanzoni mwa mazoezi, baada tu ya kupasha mwili moto. Uchovu ni wa kupimia ngumi anazozijua tayari, na jebu ndiyo ya kuanza nayo.

Utaratibu wa wiki ya 5 hadi ya 8, mara 2 kwa wiki:

1. Ngumi za haraka kwenye begi, kushoto na kulia mfululizo, sekunde 30.
2. Pumziko la sekunde 10, mikono ikining'inia na vidole vikilegea.
3. Jebu 10 kwenye plasta, moja kila sekunde 2. Kila moja irudi mpaka kidole gumba cha glovu kiguse shavu.
4. Pumziko la dakika 1. Rudia mara 4. Kufikia wiki ya 8, mara 6.

Kugusa shavu ni lazima. Hisia ya bega imeshaanza kudanganya, lakini ngozi ya uso haijachoka: inamwambia ukweli kwamba mkono umefika nyumbani.

Jebu zinazogonga plasta zikiwa chini ya 7 kati ya 10, au mkono ukirudi chini mara 3, simamisha. Usimwongezee mzunguko ili "akomae". Mwili unajifunza kile kinachorudiwa, na jebu mbovu 60 ni mafunzo ya jebu mbovu. Punguza sekunde 30 ziwe 20, endelea kutoka hapo.

Kuna zoezi moja lililozoeleka ambalo tunalipinga: kupiga ngumi hewani ukiwa na vyuma vya kilo 2 au 3. Chuma kinavuta chini, ilhali ngumi inahitaji nguvu ya kwenda mbele. Mkono unajifunza njia nyingine, polepole, na bega linabeba adhabu. Kama ni lazima, nusu kilo, si zaidi ya dakika 1, kisha pigana na kivuli mikono mitupu ili kasi irudi.

Na hili ni zito kuliko yote. Usimchoshe bondia kisha ukampandisha ulingoni apigane kwa nguvu. Mikono iliyoshuka ni kichwa kilicho wazi. Kazi ya uchovu ifanyike kwenye begi na kwenye pedi ambazo kocha huzishika mikononi apigiwe, ambako jebu iliyorudi chini inajibiwa na pedi kumgusa begani, si kwa konde la kichwa.

Kulegea ni ujuzi

Msuli uliokazwa bila kuachiwa hubana mishipa yake wenyewe ya damu, hivyo huchoka haraka. Mzoeze kufunga ngumi inapokaribia kugonga tu, na kuilegeza njiani. Viwiko vikae karibu na mbavu, maana kiwiko kilicho mbali na mwili hulifanya bega lifanye kazi hata pale bondia asiporusha kitu. Pumzi itoke kila ngumi inapotoka. Anayebana pumzi hupandisha mabega.

Kati ya raundi, mikono ilale juu ya mapaja, vidole vikiwa wazi ndani ya glovu. Akiba ya haraka ya nishati ndani ya msuli hurudi kwa kiasi cha nusu katika sekunde 30 hivi, na dakika 1 haitoshi kuirudisha yote. Sekunde anazozitumia kupunga mikono na kubishana na wasaidizi wake wa kona zinamgharimu.

Rudia kipimo cha video mwishoni mwa wiki ya 4 na ya 8, ukilinganisha kwanza jebu zilizorudi shavuni, kisha zilizogonga. Idadi ya ngumi ikipanda huku idadi ya zinazorudi shavuni ikishuka, umemjengea pumzi bila kumjengea mwendo. Rudi kwenye jebu 10.

Simamisha mazoezi kabisa akisikia maumivu makali mbele ya bega, ganzi inayoshuka mpaka vidoleni, au mkono usioweza kuinuliwa juu ya usawa wa bega. Mkojo ukigeuka rangi ya chai iliyokolea baada ya mazoezi mazito, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa msuli uliovunjika unaweza kudhuru figo. Na siku 7 hadi 10 kabla ya pambano, acha kumchosha: mizunguko 2 tu, mara moja, na kazi iliyobaki iwe fupi, ya kasi, akiwa na mikono isiyochoka.